Sentensi Aliyoiruka Mkalimani

Mkalimani wetu hakukubali kukaa akiwa anatafsiri. Daktari alikuwa na kiti chake, mgonjwa chake, mimi na fomu zangu tulikuwa na kiti cha plastiki pembeni, na cha nne kiliwekwa kwa ajili yake. Lakini kwa miaka zaidi ya miwili sikumwona akikikalia. Alisimama nyuma ya mgonjwa, hatua moja tu, kofia yake ya sufu ameishika kwa mikono miwili nyuma ya mgongo. Siku moja nilimuuliza sababu. Akasema mgonjwa akimtazama mkalimani usoni ataanza kumwomba mkalimani huruma, na mkalimani hana huruma ya kugawa. Afadhali maneno yatoke nyuma, mtu ayasikie kama anajisemea mwenyewe.

Mimi nilikuwa mtu wa maabara katika mradi wa utafiti wa saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula inayoshuka kutoka kooni kwenda tumboni. Maabara yenyewe iko Mbeya mjini. Kila Jumanne na Alhamisi tulishuka Tukuyu, kwenye hospitali ambayo jina lake naliacha, kuwaomba wagonjwa watupe kipande cha uvimbe wao, kidogo kama punje ya mchele. Daktari alikinyofoa kwa mpira wenye kamera, mimi nikakitia kwenye kichupa, kichupa kwenye boksi la barafu, na gari likapanda milima kurudi Mbeya kabla seli hazijafa.

Huko Mbeya tulikuwa na vitu tulivyoviita chipu. Ni kipande cha mpira laini unaopitisha mwanga, ukubwa wake kama stempu ya barua, kilichochongwa mifereji ndani yake myembamba kama unywele. Katika mfereji mmoja tulipanda seli za saratani. Katika mifereji ya jirani tulipanda seli za mishipa ya damu, seli za kinga, na zile za nyama inayoushikilia uvimbe mahali pake. Pampu ndogo ilisukuma maji ya lishe humo ndani bila kupumzika, mfano wa damu. Tulifanya hivyo kwa sababu saratani haiishi peke yake. Ina majirani wanaoilisha na wanaoificha, na ukiitenga na majirani hao ukaiweka kwenye sahani ya kioo, tabia yake hubadilika. Dawa ikaiua pale kwenye sahani, kisha ikashindwa ndani ya mtu. Chipu ilikuwa njia yetu ya kuuhamisha mtaa mzima.

Sasa mweleze hayo mkulima wa ndizi aliyetoka Suma na mvua mgongoni, ambaye hajameza kitu kigumu tangu juzi. Siku ya kwanza nilijaribu mwenyewe. Nilisema kipande chako tutakiweka kwenye chipu, na bibi aliyekuwa mbele yangu akauliza kwa upole kama tutakikaanga kwa mafuta au vipi, maana chipsi alizijua, zinauzwa pale stendi. Watu wa kwenye korido walicheka. Mkalimani hakucheka. Mchana wake alinikalisha kwenye benchi la nje akataka nimweleze chipu toka mwanzo, mfereji kwa mfereji, na kila nilipokimbilia neno kubwa alinyoosha kiganja kunisimamisha. Nilipomaliza akasema, "Kumbe ni kitalu."

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miche ya chai. Alinieleza jinsi wanavyokata kipandikizi, jani moja na kikonyo chake, wakakichomeka kwenye kiriba, kifuko cha plastiki chenye udongo uliochaguliwa, chini ya kivuli, na maji ya kukadiria. Udongo ukiwa mgeni, kipandikizi kinanuna. Kinabaki na rangi yake ya kijani wiki nzima ukidhani kimeshika, kumbe kimeshakufa. Tangu siku hiyo neno chipu halikusikika tena kwenye kile chumba. Ilikuwa kitalu, na watu walielewa.

Lakini kitalu si kazi aliyojivunia. Alijivunia sentensi moja. Ukurasa wa tatu wa fomu yetu ya ridhaa ulisema kwamba utafiti haukusudiwi kumtibu mshiriki. Wakalimani wengine niliowahi kufanya nao kazi waliipita sentensi hiyo haraka, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Yeye aliisimamia. Kwa Kinyakyusa chake ilikuwa sentensi tatu, na kwa Kiswahili ningeziandika hivi: Kitalu hiki si chako. Kitakachoota humo watakula wajukuu wa watu wengine. Wewe hakitakuponya. Alisema mara mbili, mara ya pili polepole zaidi, halafu alinyamaza na kutunyamazisha sisi sote mpaka mgonjwa aseme neno.

Wengi walikubali, na nadhani walikubali kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kuna mtu aliyewaheshimu kiasi cha kuwaambia. Wengine walikataa. Mama mmoja wa Suma aliletwa na wanawe watatu, akasikia ile sentensi mara mbili, akafunga kitenge chake vizuri, akasimama na kwenda zake. Daktari wetu, mtu wa kaskazini ambaye Kinyakyusa chake kilikomea kwenye salamu, alikasirika kidogo. Tulihitaji vipande na wiki ile hatukuwa tumepata hata kimoja. Akamwambia Mkalimani kwamba kuna namna ya kulisema jambo bila kumfukuza mtu.

Mkalimani alijibu kwa adabu. "Huyu amekataa baada ya kuelewa, daktari. Unawataka wanaokubali bila kuelewa?"

Daktari hakurudia tena. Mimi ndiye niliyerudia. Kulikuwa na dada mmoja, umri wake karibu na wangu, ana mtoto mgongoni, na nilipofika kwenye ukurasa wa tatu mdomo wangu ulijiongezea neno. Nikasema huenda siku za mbele. Mkalimani alitafsiri yote, ile huenda akaiacha. Tulipotoka nikamuuliza kama Kinyakyusa hakina huenda. Nakumbuka alikuwa anafuta matope kwenye viatu kwa kijiti, na hakuinua kichwa.

"Ipo," alisema. "Lakini mtu aliyezibwa koo ukimpa huenda, atameza hiyo tu. Vingine vyote ataviacha."

Nje ya chumba kile alikuwa mwongo wa kutupwa. Sijui nilieleze vipi hili kwa mtu ambaye hakumjua. Wakati wa chai alidanganya kwa raha kabisa. Aliwahi kushikwa na ukungu Mlima Rungwe siku tatu, ukungu mzito mpaka akatundika koti lake juu yake likakaa. Kofia yake ya sufu aliletewa na padri, aliishinda kwenye bao, aliiokota kichwani kwa ng'ombe. Ilitegemea nani ameuliza. Manesi watatu walikuwa na miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa kwake. Nilipomwuliza itakuwaje mtu wa ile sentensi awe na ndimi mbili, alishangaa kwa dhati. Akasema uongo wa kwenye chai kila mtu anajua ni uongo, kwa hiyo haujamfikia mtu. Uongo ni ule unaomfikia mtu.

Kiswahili chake alikitunza kama viatu vya kanisani. Lugha ya nyumbani haina z, na wazee wengi wa huku huiweka s mahali pake, maziwa yakawa masiwa na hakuna anayejali. Yeye alijali. Aliitamka kila z kwa uangalifu, akiisogelea taratibu kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Ilimponyoka pale tu alipochoka sana.

Chakula cha hospitali hakula. Alikuja na hotpoti ya ndizi alizopikiwa na mkewe, na mkewe alipojua kwamba mimi ni mtoto wa Tukuyu niliyelelewa na bibi, alianza kuzidisha. Baadaye akataka kuniona. Nikawa naenda kwao Lufingo baadhi ya Jumamosi, napanda kile kilima chenye utelezi hadi kwenye nyumba yao ya matofali katikati ya migomba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, Kiswahili chake kidogo, na aliniita mwanangu kabla sijamaliza kuvua viatu. Kazi ya mumewe aliieleza kwa maneno machache. Alisema mzee analipwa kwa kusimama nyuma ya watu. Mzee akianza habari za ukungu na koti, mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa makini kama ni mara ya kwanza, kisha akanigeukia na kusema kwa Kinyakyusa kwamba katika hayo yote, kweli ni koti tu.

Walikuwa na desturi moja mezani. Mzee hakuanza kula mpaka mkewe ameweka tonge la kwanza mdomoni na kulimeza. Nilidhani ni mapenzi nikamwambia hivyo. Akanikatalia, akasema anaangalia kama chumvi imezidi.

Kwa hiyo alijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa Alhamisi ya mvua. Mgonjwa mmoja alikuwa anaeleza, kidole kifuani, jinsi chakula kinavyosimama hapa, na jinsi siku hizi anavyoshushia kila tonge kwa maji. Zamu ya Mkalimani kuligeuza hilo kwa Kiswahili ilifika na hakusema kitu. Daktari akainua macho. Mkalimani akaomba radhi akatafsiri. Wakati wa chai hakutoa uongo wowote. Alikaa na kikombe mpaka kikapoa, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mama yako anakunywa maji kwa kila tonge, tangu mvua za kwanza, na kwamba yeye ameyaona hayo kila siku na kila siku amejiambia ni kiu.

Kipimo kilithibitisha. Sitaeleza siku ile.

Mama alipotakiwa kuja kwa ajili ya fomu, daktari alishauri atafutwe mkalimani mwingine. Kulikuwa na nesi mmoja mzawa, lakini alikuwa chumba cha kujifungulia na mama mwenye shida. Mkalimani akasema hakuna haja. Maneno haya nimeyasema kwa wake za watu, alisema, nitayasema kwa wangu. Daktari akaona ni ushujaa. Na mimi niliona hivyo hivyo.

Siku hiyo alikaa. Alikivuta kile kiti cha nne akakiweka mbele ya mkewe, magoti yao yakakaribia kugusana, akaushika mkono wake. Ukurasa wa kwanza aliutafsiri sawasawa. Wa pili pia: jinsi kipande kitakavyochukuliwa, maumivu gani ategemee, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa. Tukafika wa tatu. Daktari akasoma kwamba utafiti huu haukusudiwi kukutibu.

Mkalimani alinyamaza, kwa muda ule ule aliozoea kunyamaza baada ya kusema. Kisha akamwambia mkewe kwa Kinyakyusa, na nilielewa kila neno:

"Watakipanda kwenye kitalu. Watajaribu dawa moja moja mpaka waione inayokiua. Halafu watakuletea."

"Mimi?" aliuliza mama.

"Wewe."

Mama alinigeukia mimi, mwenye kitalu. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo bado naiona. "Ndaga fijo, mwanangu," alisema. Asante sana. Akaweka dole gumba lake kwenye wino.

Mimi niliinama juu ya fomu nikaandika tarehe.

Tulipotoka Mkalimani alinifuata mpaka kwenye gari. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, mvua inamnyeshea kichwani.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia, baba."

Akabaki pale. Nimefikiri sana kuhusu ule muda aliobaki pale. Naamini alikuwa ananipa nafasi nirudi ndani kumwambia daktari, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza na alijua hawezi. Alikuwa amenifundisha ile sentensi miaka miwili. Mimi nikasema barafu inayeyuka, inabidi tuondoke.

Jumanne iliyofuata hakuja, wala Alhamisi. Alituma ujumbe kwamba anamuuguza mke, na kazi aachiwe yule nesi. Kila mtu alielewa. Mimi nilielewa zaidi: mtu kama yule hakuweza tena kusimama nyuma ya kiti na kusema sentensi zake tatu.

Kile kipande kiliota. Vingi hununa, vingi hufa siku ya pili au ya tatu, ila hiki kilishika kama kimepandwa nyumbani, na majirani zake nao wakashika. Sehemu tuliigandisha kwenye baridi kali, tukawa tunaitoa na kuipanda upya kila tulipotaka kujaribu kitu kipya. Miongoni mwa dawa za majaribio tulizopitisha kwenye mifereji yake, moja iliua seli za uvimbe na kuwaacha majirani wakiwa hai. Daktari aliita watu wote wa maabara waje watazame. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinichoma, kwa sababu dawa ile haikuwa na njia ya kumfikia mtu yeyote. Ilikuwa bado ya kwenye chipu. Kabla ya kuingia kinywani mwa mgonjwa ilibidi ipite mikono mingi na miaka mingi.

Wakati huo mama alikuwa amepewa nafasi ya kutibiwa Mbeya. Kuna mrija wa wavu wa waya ambao huwekwa ndani ya umio ukapanuka wenyewe, ukafungua njia. Hauponyi, ila mtu anaweza kula uji mzito, ndizi zilizopondwa, anaweza kukaa mezani na wenzake kwa miezi. Mama alikataa. Alimwambia daktari, kupitia kwa yule nesi, kwamba hana sababu ya kutiwa chuma kooni ilhali dawa yake inaoteshwa. Daktari alishangaa. Aliniuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Nikajibu kwamba wagonjwa husema mengi.

Nilienda Lufingo mara tatu katika kipindi kile. Kila mara mama, ambaye sasa alikuwa mwepesi kama kikapu, aliniuliza kama kimeota. Nikasema kinaota, mama. Ilikuwa kweli. Sijawahi kuitumia kweli vibaya kuliko vile. Mzee alikuwa mlangoni akinisikiliza, na hatukutazamana. Alijua kwamba neno moja lake lingemfikisha mkewe Mbeya kwenye ule mrija. Dada yake mama, aliyekuja kusaidia kuuguza, alinieleza baadaye kwamba kila asubuhi mzee aliingia chumbani akisema leo nina jambo la kukuambia, na kila asubuhi mama aliuliza, ni dawa? Na mzee akasema hapana, ni uji.

Alipokuja kusema, hata maji yalikuwa yanarudi. Mrija haukuwezekana tena. Dada mtu alisema mzee aliwatoa watu wote nje akafunga mlango, na alikaa humo muda ambao ungetosha kumenya ndizi za sufuria. Alipotoka alikuwa hana rangi. Mama akamwita dada yake, akamwambia kuanzia sasa yeye ndiye atamhudumia, na mumewe asiingie.

Hakuingia. Siku tisa alikaa kwenye kibaraza, upande wa pili wa ukuta, na kila kilichohitajika alikipitisha mlangoni kwa mkono, kikombe, kitambaa, beseni, bila kuvuka kizingiti. Majirani walidhani ni mila fulani ya ukoo wake wasiyoijua. Wachungaji wawili walikuja kwa nyakati tofauti kumsihi mama, wakaondoka. Mama alifariki asubuhi, watu wakiwa wanachuma chai.

Tulimzika kwenye migomba pembeni ya nyumba. Walikuwepo wageni kutoka Mbeya wasiojua Kinyakyusa, na wazee wakamwomba mume wa marehemu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, awageuzie wageni yale yanayosemwa kaburini. Akatikisa kichwa. Yakasemwa bila kugeuzwa.

Mwezi haujaisha, mlinzi wa maabara alinipigia simu kwamba kuna mzee getini amekataa kueleza shida yake. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimkuta amesimama chini ya paa la kibanda, koti limelowa mabegani. Tulisalimiana kama watu wanaofahamiana kwa mbali. Kisha akasema, "Nimekuja kukitoa."

Nilimpeleka kwa daktari. Alikataa kiti. Akaeleza yote, kwa Kiswahili, na z zote zilikuwa zimekuwa s: ndisi mkewe alizoacha kupika, masiwa yaliyorudi puani. Alisema mkewe aliridhia kitu ambacho hakikuwepo, kwamba yeye ndiye aliyekizua, na kwamba baada ya kumwambia kweli mkewe alisema maneno matatu tu, na baada ya hayo hakumsemesha tena. Nenda ukakitoe huko. Kwa hiyo amekuja. Mimi hakunitaja. Aliisimulia ile siku ya fomu kana kwamba sikuwepo chumbani.

Nikasema nilikuwepo. Nikasema nilielewa, na niliandika tarehe.

Daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Yaliyonipata mimi nitayamaliza hapa, kwa sababu si makubwa: niliandika maelezo yangu kwa mkono, yakaenda kwa kamati ya maadili, nikaondolewa kwenye kazi ya kukutana na wagonjwa. Nimebaki na darubini na pampu. Ni haki. Daktari hakumlaumu mzee, na hakujaribu kumbembeleza, ingawa alijua kipande gani anakipoteza. Alitoa fomu ya kujitoa akaanza kuisoma.

Mzee akamkatiza. Aliomba isomwe kwa Kinyakyusa, maana uongo ulisemwa kwa Kinyakyusa. Wakanitazama. Nikaisoma mstari kwa mstari, mimi ambaye Kinyakyusa changu ni cha jikoni kwa bibi, nikijikwaa. Mahali pamoja nilikosea neno, nikasema kipande kitahifadhiwa badala ya kitaharibiwa, naye akanisahihisha kwa sauti ya chini. Kisha akasaini.

Vichupa vilivyogandishwa daktari aliviharibu yeye mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa chipu moja iliyokuwa inaendeshwa wiki ile. Mzee akauliza kama anaweza kukiona kitalu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa amekieleza kwa watu miaka miwili na hajawahi kukiona.

Nilimwekea chini ya darubini. Tunatumia rangi inayowaka kijani kwenye seli zilizo hai, na siku hiyo kijani kilikuwa kimejaa. Alitazama muda mrefu, jicho moja, kisha jingine.

"Ndiye yeye huyu?"

Nikamwambia zile za mviringo, zilizosongamana, ni ugonjwa. Zile ndefu zilizolala kando ni za mwili wake mwenyewe, nyama iliyokuwa jirani na ugonjwa. Akasogeza kichwa kama anatafuta zile ndefu tu.

"Dawa ilipatikana?"

Ningeweza kusema haikupatikana, na sidhani kama angejua. Nikamwambia ilipatikana moja, iliua uvimbe humo ndani, bado si dawa ya watu.

Alisimama wima. "Kwa hiyo sikudanganya kitu chote," alisema.

Alinitazama usoni, na alikuwa ananiomba. Mdomo wangu ulikuwa na huenda tayari. Mkono wangu ulishika ukingo wa meza.

"Ulidanganya, baba," nilisema. "Isingemfikia. Ingekuwa ya wajukuu wa watu wengine. Na mimi nilikusikia nikanyamaza."

Alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, polepole. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Sikumshika mkono. Sikujiona kama nina haki hiyo.

Kwa kawaida tukimaliza na chipu tunazima pampu na kuingiza dawa ya kuua vijidudu, na ni jambo la dakika moja. Nilizima pampu. Nilipochukua bomba la sindano lenye dawa aliuliza ni ya nini, nikamweleza. Akauliza kama bila hiyo hakitakufa.

"Kitakufa chenyewe. Kimekosa lishe na joto."

"Baada ya muda gani?"

Nikamwambia sijui vizuri, labda mpaka jioni, hatujawahi kungoja.

"Mimi nitangoja," alisema.

Nilimtazama daktari kupitia kioo cha mlango, naye akageukia kazi zake. Nikaenda kuchukua kiti. Mzee alikivuta karibu na meza, magoti yakagusa mguu wake, akaketi. Hakutaka chai. Wenzangu waliingia na kutoka wakimzunguka kimya. Kila saa niliinama nikatazama, na kila saa kijani kilikuwa kimepungua. Hakuniuliza, alinitazama tu usoni, na nikamwambia kilivyo.

Saa kumi na nusu sikuona kitu. Nikamwambia kimekwisha. Akaniomba nitazame tena. Nilitazama tena, nikapitisha darubini mfereji wote toka mwanzo hadi mwisho, nikamwambia kimekwisha, baba.

Akanyanyuka, akanyoosha koti, akauliza gari la mwisho la kwenda Tukuyu linaondoka saa ngapi.